HANS III kwenye MX-5 kuukuu: inafaa, ila isiwe ya kwanza kununuliwa

Nianze na jibu kwa wenye haraka. HANS III, kifaa cha kuvaa shingoni kinachozuia kichwa kisirushwe mbele gari likigonga, ni kizuri, bei yake inabebeka kwa mtu wa mshahara wa kawaida, na mimi siingii tena kwenye uwanja wa mashindano ya magari bila nayo. Lakini kama gari lako bado lina kiti na mkanda vilivyotoka nalo kiwandani, usiinunue. Itakaa shingoni kama pambo na pesa zako zitakuwa zimekwenda. Nalisema hili mapema kwa sababu jamaa zangu wakiona picha zangu swali lao ni moja: “Hicho cha shingoni umenunua wapi?” Hakuna anayeuliza habari za rolba, lile bomba la chuma lililosimama nyuma ya kiti kukinga kichwa gari likipinduka, wala mkanda una pointi ngapi, yaani umefungwa kwenye gari sehemu ngapi.

Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Northampton, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, injini ya 1.8, paa la turubai. Rangi imepauka, kutu imeanza kula chini ya milango, na mke wangu huliita “mke mwenzangu”. Halishindani na mtu. Huku Uingereza viwanja vingi vya mashindano hufunguliwa kwa watu wa kawaida siku ambazo hakuna mashindano, sisi tunaziita siku za wazi: unalipa ada, unaingia na gari lako lile lile la kwendea sokoni, unaendesha bila ya polisi na bila ya gari kukujia mbele. Kushindana hakuna. Kupima muda waandaaji wengi wanakataza, na kumpita mwenzio ni kwa upande mmoja uliotajwa asubuhi, tena mpaka yeye akupe ishara. Ekzosi inapimwa kelele, mnakaa darasani kupewa maelekezo, mnazunguka polepole mizunguko ya mwanzo ili muione njia, ndipo mnaachiwa.

Wanachokudai ni kidogo: leseni, helmeti, mikono na miguu ifunikwe. Magari ya wazi kama langu, waandaaji wengi hutaka yawe na rolba. Basi. Kuna kibao kinachokukumbusha kuwa mchezo wa magari ni wa hatari, unatia saini karatasi kwamba umeelewa, na bima yako ya barabarani kwa kawaida inakomea getini. Yaani kinga unayolazimishwa kuwa nayo haina uhusiano wowote na hatari unayoiendea. Kasi ikitoka kilomita 100 kwa saa ikafika 140, nguvu ya mgongano inakaribia kuwa maradufu, maana nishati hupanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi yenyewe. Aliyewahi kushuka kona ya Paddock Hill pale Brands Hatch anajua maana yake. Unafika ukingoni njia huioni, gari linakunja kulia huku ardhi inaporomoka chini yako, tumbo linabaki juu, na ukikosea kidogo unaikuta changarawe inakungoja. Na hapo uko na gari la nguvu ndogo kama langu.

Sasa kifaa chenyewe. HANS ukiishika mkononi inafanana na nira ya ng'ombe wa gari: mikono miwili inayolala kifuani, na nyuma ya shingo kola iliyosimama. HANS III si ya kaboni iliyofumwa kama zile za bei ya juu. Ni ya kumiminwa kwenye kalibu, nyeusi, nyepesi, haifiki kilo moja. Ina lebo ya FIA 8858, yaani kiwango cha shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, na hiyo ndiyo ya kutazama kabla ya kutazama bei. Kutoka kwenye kola zinatoka kamba fupi zenye vibanio, na kila kibanio kinashika kitufe cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa helmeti. Mikanda ya mabegani inapita juu ya ile mikono miwili na kuikandamiza kifuani.

Kazi yake ni hii. Ukigonga kwa mbele, mkanda unakikamata kifua palepale. Kichwa hakijakamatwa na kitu. Kinaendelea kwenda, tena kikiwa na uzito wa helmeti juu yake, na kinachokivuta kisiende ni shingo peke yake. Vifo vingi vya mchezo huu vilitokea hapo: fuvu linavunjika chini kabisa, pale linapokalia uti wa mgongo, na mtu hana hata jeraha usoni. Ukiwa na HANS, zile kamba zinaishika helmeti, mzigo unahamia kwenye kola, kola inaupeleka kwenye mikanda na mabega. Shingo inaachiwa sehemu ndogo tu.

Aliyeibuni ni Robert Hubbard, profesa wa Michigan State University, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mashindano. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Patrick Jacquemart, rafiki yake Downing, kufariki mwaka 1981 akijaribu gari kwenye uwanja wa Mid-Ohio. Kwa miaka mingi madereva wakubwa waliikataa. Inabana, inachelewesha kutoka, inachekesha. Roland Ratzenberger, dereva wa Formula 1, alikufa uwanja wa Imola, Italia, mwaka 1994 kwa kuvunjika fuvu chini. Tarehe 18 Februari 2001 Dale Earnhardt, dereva wa NASCAR, yale mashindano makubwa ya magari ya Marekani, ambaye Marekani nzima ilimjua, aligonga ukuta Daytona kwenye mzunguko wa mwisho na akafa hivyo hivyo. Kufika Oktoba ya mwaka huo NASCAR ikalazimisha madereva wavae kinga ya kichwa na shingo. Formula 1 ikafuata mwaka 2003. Kifaa kilikuwepo dukani muda wote huo. Mimi mambo ya namna hii hunipandisha hasira, kwa hiyo nikisikia mtu wa siku za wazi anasema “sisi hatushindani, ya nini hayo”, huwa namwacha aseme halafu namuuliza kama ukuta unajua nani anashindana na nani hashindani.

Kuinunua kuna mambo mawili: saizi na pembe. Saizi inafuata shingo na mabega. Pembe inafuata mlalo wa mgongo wako ukikaa: digrii 10 ni ya anayekaa wima, 20 ni ya magari mengi kama yetu, 30 ni ya magari ya formula ambayo dereva anakaribia kulala. Duka nililoliendea ni dogo, limejificha nyuma ya karakana, na mzee aliyekuwa kaunta alikataa kuniuzia mpaka nimwonyeshe picha ya kiti changu kwa ubavu. Nilikuwa nimekuja na saizi nimeshaipanga kwa kusoma. Akaitazama picha, akanikalisha kwenye kiti cha maonyesho, akanivika ya M na ya L kwa zamu, akanifunga mkanda mpaka nikashindwa kuvuta pumzi ya kushiba, kisha akapitisha kidole kati ya mkono wa kifaa na mfupa wa bega kuona kama unakaa au unaelea. M, digrii 20. Nikalipa karibu pauni 300 pamoja na vitufe vya helmeti, na yeye mwenyewe akavifunga. Mtu anaweza kuipata kwa nafuu mtandaoni, lakini ile kazi ya kidole huipati.

Garini inakaaje? Mizunguko ya mwanzo inaudhi. Kugeuza kichwa kushoto na kulia unaweza, kwa kuwa kamba zake zinateleza, ila kuna mahali unafika inakuzuia. Vioo vya pembeni ilinibidi nivipange upya, na cha katikati nikabadilisha nikaweka kipana zaidi. Usipofanya hivyo hutamwona anayekuja nyuma na kutaka kupita, na uwanjani jambo hilo ni kukosa adabu na ni hatari. Baada ya hapo unaisahau. Kinachobaki ni mfupa wa bega la kulia: kwangu unagusana na ukingo wa kifaa, na jioni ngozi inakuwa nyekundu. Vipo vipande vya sponji vinavyouzwa pembeni vya kubandika chini yake. Mimi naona vingekuja ndani ya boksi kwa bei ile.

Kero kubwa ni kutoka garini. Zoea kwanza ukiwa umesimama nyumbani: fungua mkanda, toa mikono yako kwenye kamba za mabegani, inama mbele, kisha toka na kifaa kikiwa bado kimeshikana na helmeti. Ukitaka kuvua helmeti kwanza ukiwa ndani ya gari dogo kama MX-5, kola inashikana na kiti na utahangaika. Na ukishughulika na kamba huku moshi unatoka chini ya boneti, hizo ni sekunde unazozihitaji. Mimi nafanya zoezi hilo gereji kwangu macho yamefumbwa. Jirani ameshaniona, sijui anawaza nini.

Narudi kwenye lile neno la mwanzo, kwamba isiwe ya kwanza. HANS inashikwa na kamba mbili za mabegani. Mkanda wa kawaida una kamba moja ya kukata kifua. Hauna cha kuikandamizia. (Simpson Hybrid ni ukoo mwingine, una vifungo vyake kifuani, na zipo aina zake zilizotengenezwa zitumike hata na mkanda wa kawaida. Kwa mtu asiyetaka kubomoa gari lake ningemwambia aangalie huko.) Kwa hiyo unahitaji mkanda wa mashindano. Mkanda wa mashindano unahitaji kiti chenye matundu ya kupitisha kamba, mabegani na chini. Na ukishafungwa wima kwenye kiti bila uwezo wa kulala pembeni, gari likipinduka paa likabonyea, wewe huna pa kuinamia. Kwa hiyo unahitaji rolba. Kwenye gari la wazi hata hakuna la kujadili. Vitu hivi vinne vinakwenda pamoja, na anayechukua kimoja akaacha vitatu anaweza kujikuta amelifanya gari kuwa la hatari kuliko lilivyotoka kiwandani.

Mpwa wangu wa Mwanakwerekwe alinitumia picha ya mkanda wa kijani, pointi nne, aliouona mtandaoni.

“Mjomba, dola hamsini tu na kusafirisha juu. Nichukue?”

“Una rolba?”

“Sina. Ila huu ni mzuri, mjomba, tazama hiyo rangi.”

“Lebo ya FIA imeandikwa mwaka gani?”

Akaniletea picha ya lebo. Hapakuwa na mwaka. Mkanda wa kweli wa FIA una lebo iliyoshonwa, ina namba ya kiwango, siku hizi 8853-2016, na ina mwaka wa mwisho wa kutumika. Mikanda ya bandia imejaa, na inaigwa kwa rangi na herufi mpaka unashangaa. Kinachoigika vibaya ni mshono na chuma cha kifungo. Nikamwambia abaki na mkanda wa Mjapani uliotoka na gari, ule umepimwa pamoja na kiti chake na mifuko yake ya hewa. Akanijibu “Sawa mjomba”, ile sawa ya kukatisha mazungumzo. Mama yake naye akaingia kwenye simu akaniambia ajali haina kinga. Dada, nikamwambia, yenyewe haina, shingo inayo.

Na hata wa kweli wa pointi nne una tatizo lake. Kamba za mabegani zikivutwa kwa nguvu, kifungo cha tumboni kinapanda, na ukigonga unateleza chini ya mkanda wa kiunoni mpaka unakukaa juu ya utumbo badala ya mifupa ya nyonga. Zile kamba mbili zinazopita katikati ya mapaja kwenye mkanda wa pointi sita ndizo zinazozuia hilo. Wanaume wenzangu wanazichukia kwa sababu wanazozijua. Zipangeni vizuri kabla ya kukaza, hazina neno.

Mkanda wangu ni wa pointi sita, na kamba za mabegani ni za inchi 2, si 3. Za inchi 2 zinalala ndani ya mfereji wa HANS. Za inchi 3 kwangu zilikuwa zinapanda kingo. Nyuma zimefungwa kwenye bomba la mlalo la rolba karibu usawa wa mabega. Nimeona watu wamezishusha mpaka sakafuni nyuma ya kiti, kwenye matundu ya boliti za zamani, kwa kuwa ndiyo kazi rahisi. Kamba ikishuka hivyo, siku ya kugonga inakuvuta chini na kuukandamiza uti wa mgongo kama mtu anakukalia mabegani. Mwelekeo wake uwe wa kwenda nyuma, ushuke kidogo tu; kwa HANS usizidi digrii 20.

Rolba ndiyo iliyonipa kazi. Mimi ni mrefu, na MX-5 imetengenezwa kwa watu wa kiasi. Kipimo ni mti wa ufagio: unaulaza kutoka juu ya rolba hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, dereva amekaa na helmeti, na helmeti isifike kwenye mti. Yangu ilikuwa inausukuma ufagio juu. Wengi wa urefu wangu hukata sponji ya kiti cha Mazda kwa kisu cha mkate, na inasaidia kweli kwa wanaobaki na kiti hicho. Mimi niliweka kiti cha mashindano na kukifunga moja kwa moja sakafuni, bila reli ya kusogeza. Sasa ufagio unapita na nafasi ya vidole vinne juu ya helmeti. Mke wangu hawezi tena kuliendesha gari, miguu haifiki. Amesema hata zamani hakuliendesha kwa hiari.

Bomba lenyewe livikwe sponji, na isiwe ile laini ya kufunikia mabomba ya maji ambayo watu hununua duka la ujenzi kwa pauni mbili. Ile inabonyea yote kwa kidole, kichwa kikija kinakutana na chuma. Iko sponji ngumu ya FIA 8857, ukiibana kwa mkono unaona kabisa haitaki. Na barabarani, ambako huvai helmeti, fikiria sana bomba liko umbali gani na kisogo chako.

Helmeti nitaipita haraka. Waandaaji wengi hapa wanakubali ya pikipiki, na kwa anayeanza si vibaya. Lakini ile yenye stika ya SA ya Snell, taasisi ya Marekani inayopima helmeti, yangu ni SA2020, imepimwa pia kwa moto na kwa kugongwa na bomba la rolba, vitu ambavyo ile yenye stika ya M, ya pikipiki, haipimwi. Vilevile za SA kuanzia toleo la 2015 zina matundu ya nyuzi tayari kwa vitufe vya HANS. Usitoboe helmeti kwa drili ya nyumbani, hata fundi awe nani. Nguo: pamba, mikono mirefu. Jezi za mpira za nailoni zinayeyuka na kugandana na ngozi. Ovaroli ya kuzuia moto sijanunua, na ndiyo inayofuata kwenye orodha, kwani petroli ipo hata kwa asiyeshindana.

Jambo moja HANS haikusaidii sana ni kugongwa ubavuni. Huko kazi ni ya kiti chenye mabawa ya kichwani, na wenye gari la mashindano hasa huongeza wavu. Kiti changu mabawa hayo kinayo lakini yananipunguzia kuona kona za kulia, nimechagua kuyavumilia.

Abiria sichukui tena. Uwanja unaruhusu, mradi avae helmeti, na maombi ni mengi, hasa wageni wakija kutoka nyumbani. Lakini upande wa pili bado kuna kiti cha Mazda na mkanda wa Mazda, na sioni namna ya kumkalisha mtoto wa mwenzangu pale ilhali mimi nimejifunga kila kitu.

Kwa anayetaka kuagiza: pima shingo na mabega ukiwa umevaa nguo utakayoendeshea, piga picha ya kiti kwa ubavu, na kagua mwaka wa mkanda kabla ya kununua wa mkono wa pili, maana mingi inayouzwa kwa bei ya kutupa imebakisha miezi. HANS ya mkono wa pili ningeinunua tu kwa mtu ninayemjua na ninayejua gari lake halijagonga. Kamba zake pia zina umri, na hubadilishwa. Na kabla ya yote hayo badilisheni mafuta ya breki. Mafuta ya zamani yaliyokunywa unyevu yanachemka kwa joto la chini zaidi kuliko mapya, pedeli inazama mpaka sakafuni mwisho wa njia iliyonyooka, na chupa nzuri ni pauni 20 tu.